Siku tatu Ngangao kumtafuta kolokolo wa Taita

Ukiambiwa kwamba kolokolo wa Taita, ndege mdogo wa vilima vya Taita huko Kenya, utamwona kwa kudamka tu na kubeba sauti yake kwenye simu, mwambie aliyekuambia aje aniulize mimi. Nilitii ushauri huo kama mtoto wa shule, nikarudi na mikwaruzo mikononi na picha arobaini za ndege mwingine kabisa.

Nauli sikumbuki vizuri. Matatu ya Voi hadi Wundanyi ilikuwa mia tatu hivi, bodaboda mpaka msitu wa Ngangao ikala mia nyingine tatu, labda na hamsini juu. Beba koti. Watu wakisikia Voi hufikiria joto, lakini kule juu ukungu unatoka baharini na kulala msituni hadi saa nne.

Siku ya kwanza nilikuwa na spika ndogo mfukoni. Jamaa mmoja aliyewahi kufika alinihakikishia: "Cheza sauti, atakuja mwenyewe." Nikacheza. Nikabadilisha mti, nikacheza tena, nikapandisha sauti. Saa tatu nzima! Nilidhani niko peke yangu, kumbe kuna mzee wa hapo alikuwa amesimama nyuma yangu na panga lake, ananitazama kama mtu anayetazama sinema.

"Kijana, unamwita nani?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia nikizime kidude hicho, kwa sababu yule ndege akisikia sauti hiyo anajua dume mwingine ameingia kwake. Anaacha kula, anaacha kiota, anaanza kuzunguka. "Wewe Jumapili unaenda zako. Yeye anabaki kumtafuta huyo mwizi."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara kumi bila kulielewa. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kolokolo huyu yumo miongoni mwa ndege walio hatarini mno kutoweka, na daraja linalofuata ni la waliokwisha kutoweka porini. Hana kwao kwingine duniani zaidi ya vilima hivi. Majozi yakiwa machache namna hiyo, kila mgeni mwenye spika ni hasara. Ile spika ilibaki chini ya begi.

Siku ya pili nikafuata ushauri mwingine wa yule yule jamaa (akili zangu!): ingia ndani kabisa, kwenye miti mikubwa, tazama juu. Shingo ilikakamaa. Mchana kundi la ndege wadogo likapita, nikapiga picha kwa furaha, nikashuka Wundanyi kujipongeza kwa chai na mahamri. Usiku nikakuza zile picha kitandani. Kila ndege ana rangi ya kijani, na duara jeupe kubwa kuzunguka jicho. Kinengenenge wa Taita! Naye hapatikani ila huku na mlima Kasigau, na kuna watu wangefunga safari kwa ajili yake tu. Mimi nilikasirika nikazima taa.

Siku ya tatu nilimtafuta mzee, tukaelewana elfu na kitu. Hakunipeleka ndani. Alinipeleka mahali mti mkubwa ulipoanguka, jua likaingia, vichaka vikasongamana hadi kifuani. "Huyu si wa juu. Kaa hapa. Usisimame." Nikakaa na mgongo kwenye kisiki. Miguu ikafa ganzi. Siafu mmoja akanipata mahali nisipoweza kupataja.

Baada ya zaidi ya saa moja, majani yakatikisika mbele yangu, karibu kiasi kwamba darubini ilikataa kulenga. Nikaishusha. Dume: mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, koo jeusi kama amefunga kitambaa, jicho jeupe jeupe linalokutazama bila aibu. Alichokoa wadudu kwenye majani kwa sekunde ishirini hivi. Jike lilikuwa nyuma yake, nikaliona mkia tu. Kamera? Ilikuwa shingoni. Niliikumbuka walipokwisha kuondoka.

Tukitoka tulipita kwenye misonobari iliyopandwa. Chini hakuna kichaka, ni sindano kavu tu, na kimya. Mzee akanionyesha ng'ambo ya bonde la Paranga, msitu wa Mbololo umekaa peke yake kule. Katikati ni mashamba na nyumba za watu. Ndege wa vichakani hafungi safari ya namna hiyo, akasema, na ndiyo maana wanaohangaika kurudisha miti ya asili palipopandwa misonobari na mikaratusi anawaombea mvua.

Orodha yangu ya ndege niliowaona niliipeleka Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, na kolokolo yumo. Yule jamaa wa spika bado anadai picha. Nimemtumia za kinengenenge, zote arobaini, naye amejibu kwamba ni kolokolo mzuri sana.