Sauti Dirishani

Kwenye fomu ya mradi, palipoandikwa "walengwa wa filamu", tulijaza neno moja: wote. Mwalimu alilikata kwa kalamu nyekundu na kutupa wiki mbili za kwenda kutafuta jibu. Ilikuwa 2017, Dar es Salaam. Tulikuwa wanafunzi watano, na mkononi tulikuwa na filamu fupi ya kutisha ya dakika tisa, nusu yake ikiwa imeshapigwa.

Dodoso la kwanza lilikuwa na maswali 14, nakala 60, na tuliligawa palepale chuoni kwa watu tunaokula nao mchana. Swali la kwanza: "Je, unapenda filamu za kutisha?" Karibu wote waliweka tiki kwenye ndiyo. Rafiki hapendi kukuvunja moyo, na swali lenyewe lilishamwonyesha jibu tunalolitaka. Vikundi vya umri navyo vilikuwa na kasoro: 15–20, 20–25, 25–30. Mwenye miaka 20 ana visanduku viwili, na ukifika kwenye kuhesabu hujui umweke wapi. Nakala zote tukazitupa.

La pili lilikuwa na maswali manane, na tulilijaribu kwa watu watano kabla ya kulitoa kopi. Umri ukawa 18–24, 25–34, 35 na kuendelea. Walio chini ya 18 tuliwaacha, maana ingebidi kupata ridhaa ya mzazi wa kila mmoja na muda haukuruhusu. Safari hii hatukumuuliza mtu anapenda nini. Tuliuliza: filamu ya mwisho uliyotazama ni ipi? Ulitazamia wapi, kwa kifaa gani, nani alikuwa pembeni yako? Kama uliizima kabla haijaisha, uliizimia wapi? Mtu anakumbuka vizuri alichofanya juzi. Atakachofanya kesho anakisia tu.

Tuligawana stendi ya Mbagala Rangi Tatu, soko la Tandika na saluni mbili za Temeke. Stendi ilitupa majibu ya harakaharaka, mengine nusunusu. Saluni ndizo zilizotulipa. Anayesukwa amekaa saa tatu hana pa kwenda, anayemsuka anachangia, na anayesubiri zamu naye anakosoa.

Hata hivyo karatasi haionyeshi uso wa mtu. Tukamwomba mwenye kibanda umiza kimoja atuazime dakika kumi kabla ya mechi, tukaonyesha kipande cha dakika tatu. Wawili wetu walikaa mbele, pembeni, wakiipa skrini mgongo na kuwatazama watu, kila mmoja na saa na daftari. Kazi yao ilikuwa kuandika dakika na sekunde kila mtu alipocheka, alipotoa simu au alipomshika jirani. Kwenye 1:10 alitokea mzimu wetu, uso umepakwa unga: kibanda kizima kicheko. Kwenye 2:05 khanga ilitikisika kambani bila upepo. Mzee mmoja wa mstari wa pili aliacha kutafuna, karanga ikabaki katikati ya vidole, mbele ya mdomo.

Baada ya hapo tukaita mazungumzo ya vikundi. Cha kwanza tulichanganya wanaume na wanawake, wanaume watatu wakateka saa nzima. Tukawatenga, sita huku na sita kule, na ndipo mama lishe mmoja, ambaye kwenye kundi la mwanzo alikuwa kimya muda wote, alipotuambia: "Wanangu, huyo mzimu mmempaka unga. Unga mimi naushika kila siku. Lakini angeniita kwa sauti ya marehemu mama yangu, usiku, hapo dirishani, nisingelala." Hakuhitaji kufafanua. Wengi wetu tumekatazwa tangu utotoni kuitikia jina letu usiku kabla hatujajua nani anaita.

Tulipoweka majibu yote pamoja, walengwa wakaonekana: wanawake wa 18–24, wanaotazama kwa simu, usiku, wawili au watatu kitanda kimoja, filamu wakirushiana simu kwa simu ili kuokoa bando. Hapo ndipo kazi yetu ilipovunjika. Tulikuwa tumehariri kwenye kioo kikubwa, ndani ya chumba cha giza. Kwenye simu ya bei ndogo, mwanga ukiwa nusu, dakika ya kwanza ilikuwa weusi mtupu. Tukaongeza mwanga kwenye vivuli mpaka ukingo wa mlango ukaonekana, kila badiliko tukilikagua kwenye simu hiyohiyo. Mngurumo mzito tuliouhangaikia siku mbili nao haukusikika kabisa, maana spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri sauti nzito za besi. Tukauondoa, tukaweka kucha zinazokwaruza wavu wa dirisha, na kijiko kinachogonga sufuria. Mzimu wa unga tukamtoa, mahali pake tukaweka sauti inayoita dirishani. Na kwa kuwa wengi walisema huzima filamu ikiwa dakika ya kwanza haina kitu, mwito wa kwanza tuliuleta kwenye sekunde ya 20, na dakika tisa zikawa sita.

Jaribio la mwisho tulilifanyia saluni, kwa simu ya binti aliyekuwa anasukwa, nusu ya kichwa tayari. Sauti ilipoita, aliilaza simu kifudifudi mapajani. Akakaa hivyo kidogo, kisha akaigeuza, akairudisha nyuma, akamsogezea aliyekuwa pembeni yake asikie.