Nilifukuzwa kazi nikiwa kazini

Kikao cha kunifukuza kilifanyika kwa video. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hunitaka nirudie. Nilishitakiwa kwa kufanya kazi nikiwa mbali badala ya kufika ofisini, na shitaka lenyewe likasikilizwa kila mtu akiwa kwake. Wao wanne walikuwa Dar es Salaam, meza moja. Mimi nilikuwa Mwanga, Kigoma, sebuleni kwa mama, pazia nimelibana na pini jua la mchana lisipige kwenye kioo. Mwenyekiti anasoma mashitaka, nje anapita muuza migebuka na sauti yake ile. Nikaombwa nizime kipaza sauti. Nikazima, kisha nikasahau kukiwasha, hivyo nusu ya utetezi wangu wa kwanza aliusikia mama peke yake.

Kazi yangu ilikuwa nyaraka, kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha. Mzigo ukishuka bandari ya Dar kwenda Burundi au Kongo, mimi ndiye nahakikisha ankara, orodha ya shehena, uzito na vibali vinasomeka sawasawa, maana tarakimu moja ikipinda lori linalala njiani na mteja anaanza kupiga simu usiku. Sehemu ya mizigo hiyo inapita hapa hapa kwetu, inapakiwa kwenda Bujumbura au Kalemie. Mjerumani alifikisha reli Kigoma mwaka 1914 akiwaza biashara ya ng'ambo ya ziwa, na hadi leo watu wa Dar wakisema “mwisho wa reli” wanasema kama vile dunia nayo inaishia hapo. Kwa mwenye mzigo wa Kalemie, hapa ni katikati ya safari.

Mwaka 2021 mama alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikagoma. Kaka zangu wana familia zao, mmoja Mpanda, mwingine Kahama. Kwa desturi yetu haikuhitaji kikao kujua nani atarudi nyumbani. Bosi wangu wa wakati huo, mzee mmoja mstaarabu sana, akanipigia simu: “Nenda kamuuguze mama. Kompyuta beba, kazi ziende.”

Kazi zikaenda. Miaka mitatu. Asubuhi namwogesha mama, namnywesha uji, siku za kliniki nampeleka Maweni kwa mazoezi ya viungo, kisha nafungua kompyuta. Picha ya kontena ikija haionekani namba ya sili, ile lakiri inayofunga mlango wake, nachukua bodaboda nateremka bandarini naiangalia kwa macho yangu. Dar nzima hakuna aliyeweza kufanya hivyo.

Mzee akastaafu. Julai 2024 ukaja waraka wa uongozi mpya: kuanzia Septemba kila mfanyakazi awe ofisini siku tano kwa wiki, apige kidole kwenye mashine saa mbili kamili asubuhi. Nikaandika barua nikieleza hali ya nyumbani, nikaomba niendelee nilivyokuwa, au wanipe miezi sita nijipange. Nikapewa wiki mbili. Kijana wa HR alinipigia mwenyewe, kwa upole kabisa, akaniambia, “Lakini dada, siku hizi si kuna treni ya umeme?”

Treni ya umeme inaishia Dodoma, mdogo wangu. Ukishuka hapo, bado hujafika hata Tabora.

Sitaki kusema wote walikuwa wabaya. Kuna wenzangu wanaoamka saa kumi usiku Mbagala wagombanie daladala, halafu wanamsikia mwenzao anafanya kazi hiyo hiyo akiwa amevaa kanga. Ningekuwa mimi, huenda na mimi ningenuna. Ila hakuna hata mmoja aliyesema kazi yangu imelala.

Niwaoneshe ushahidi wao. Zilikuwa karatasi tatu kutoka kwenye mashine ya kidole, zimepigwa picha kwa simu, moja imekaa upande. Safu ya tarehe, safu ya kuingia, safu ya kutoka, na pembeni kwa herufi kubwa: HAYUPO. Chini yake HAYUPO. Chini yake HAYUPO. Ukurasa mzima, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi moja mara mia. Nikashuka nazo mstari kwa mstari. Tarehe 17 Septemba, HAYUPO. Siku hiyo nilikesha hadi saa saba usiku kwa sababu ya malori mawili ambayo uzito wake ulipishana kwenye karatasi, na bosi mpya mwenyewe akaniandikia, “Asante dada, umetuokoa.” Tarehe 14 Oktoba, HAYUPO. Nyerere Day! Ofisi ilikuwa imefungwa, hata mlinzi angeandikwa hayupo.

Nikawasomea ule ujumbe wa bosi kwa sauti. Yeye mwenyewe yupo pale, anaangalia kalamu yake. Mwenyekiti akasema, “Kazi yako hatuibishii. Hapa tunazungumzia mahudhurio.”

Kwa utaratibu hawakukosea sana. Kanuni zinataka uitwe angalau saa 48 kabla ya kikao, wakaniita siku nne kabla. Nikaruhusiwa mfanyakazi mwenzangu wa kukaa upande wangu, dada wa mapokezi, naye akajitahidi ingawa mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha. Barua ya kuachishwa ilikuja baada ya siku mbili: utovu wa nidhamu, kukataa agizo halali, hakuna notisi.

Neno hilo la utovu wa nidhamu lina bei yake. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Mimi nilikuwa na miaka sita, yaani siku 42. Ukiachishwa kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo hicho kinayeyuka. Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikajaza fomu. Sheria inakupa siku 30 tu kulalamikia kuachishwa, na mimi nilifika siku ya ishirini na sita, kwa sababu wiki tatu za kwanza nilikuwa nalala na kuamka nikiwa na hasira, basi.

Msuluhishi alikuwa mtu wa maneno machache. Akafungua mkataba wangu: kituo cha kazi, Dar es Salaam. Akauliza, “Makubaliano ya kuhamia Kigoma yako wapi?”

Yalikuwa kwenye simu ya mzee mstaafu.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Mimi, niliyewahi kuzuia kontena zima kwa sababu muhuri umekaa juu ya saini! Niliyemrudisha dereva kutoka Vigwaza afuate karatasi moja! Miaka mitatu nimeishi kwa neno la simu, bila hata ujumbe wa mstari mmoja.

Tukasuluhishana. Wakalipa notisi, wakalipa zile siku 42, wakanipa cheti cha utumishi kisicho na maneno mabaya. Wapo walionishauri nisisaini, niende mbele hadi kwenye uamuzi, kwani mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Huenda ningeshinda. Lakini dawa za mama hazisubiri hukumu.

Sasa naandika hesabu za mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Wakati wa giza, wavuvi wanapotoka na taa zao, sina usiku wala mchana. Mbalamwezi ikija napumzika. Mshahara ni karibu nusu ya ule wa zamani, sitawadanganya.

Januari ilinipigia namba nisiyoijua. Ni kijana aliyechukua nafasi yangu. Yuko Kigoma, kaja kwa ndege, kalala hoteli, kampuni imelipa, kafuata kontena moja ambalo picha ya sili haisomeki. Ameambiwa mimi najua pa kuanzia. Nikamwelekeza geti, nikamtajia karani wa kumuulizia, nikamwambia avae viatu vya kufunika. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, “Na kidole leo umepiga wapi?”

Akacheka. “Mimi niko safari ya kikazi, dada.”