Ulishajifungua kwa upasuaji: usubiri uchungu au upange upasuaji tena?

Kovu la tumboni halikwambii kitu. Linalohusika ni lile la kwenye kizazi. Omba karatasi ya upasuaji wa kwanza uone kilikatwaje. Kama ni wima, panga upasuaji. Kama ni mlalo, chini, mara moja tu, takriban 3 kati ya 4 wanaojaribu hujifungua kawaida, na kizazi huchanika kwa kama 1 kati ya 200.

Kikichanika, mara nyingi mapigo ya moyo ya mtoto hushuka, na huenda maumivu kovuni yasiache hata uchungu ukitulia. Hapo ni upasuaji papo hapo, kwa hiyo zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, hapana. Misoprostoli ya kuanzishia uchungu? Hapana kabisa. Unataka watoto wengi? Kila upasuaji huongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kovuni.