Thabeet na Jeremy Lin walikuwa timu moja Houston

Kila ikifika Juni, wakati wa drafti ya NBA, yaani timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ile orodha ya makosa makubwa ya drafti inarudi mitandaoni na jamaa yetu Mtanzania Hasheem Thabeet hakosekani. Pale kijiweni kwetu Mwanjelwa lazima atokee mtu aisome kwa sauti halafu wote wacheke, galasa lile, Wamarekani walipigwa mchana kweupe, walibeba mlingoti wakamwacha Stephen Curry, yule aliyekuja kuwa staa wa kutupia kutoka mbali. Mimi huwa sicheki. Sio uzalendo, wala sisemi jamaa alicheza vizuri NBA maana namba zipo, wastani wake ni pointi mbili na kidogo kwa mechi, hapo hakuna wa kumtetea. Ila hilo la Curry linanikera. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walichagua wa pili, wa kwanza alikuwa Blake Griffin, Curry akaenda wa saba. Kwa hiyo timu kibao zilimpita Curry, na Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita zote mbili wakachukua pointi gadi wawili, wale wa kuleta mpira mbele, na wote hawakuwa Curry. Mbona hao hatuwacheki?

Tunamcheka Thabeet kwa sababu ana futi 7 na inchi 3 na alitoka Afrika, na hiyo hiyo ndio sababu walimchagua wa pili. Hapo ndipo nilipo mimi leo.

Kumbukeni jinsi walivyokuwa wanamwongelea kabla. Alikuwa UConn, chuo kikuu cha Connecticut, mwaka 2009 timu ikafika nne bora za vyuo, anazuia mipira zaidi ya minne kwa mechi, basi kila mchambuzi ni Mutombo mpya, Mutombo mpya. Dikembe Mutombo, yule staa Mkongo wa NBA, mrefu, mweusi wa Afrika, anapiga bloku, anatingisha kidole. Thabeet mrefu, mweusi wa Afrika, anapiga bloku. Hesabu imeisha! Ukiuliza wanafanana nini kingine kiuchezaji unaambiwa subiri utaona. Huyu dogo alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 pale Dar, mtoto wa mjini kabisa, baba yake alikuwa msanifu majengo akafariki Hasheem bado kijana, yaani ni maisha ya kawaida ya familia ya mjini iliyopata msiba. Akadraftiwa na miaka 22, kwa hiyo ana miaka saba tu ya mpira, wenzake wanacheza tangu chekechea. Na Memphis kwenyewe chini ya ringi tayari yupo Marc Gasol na Zach Randolph. Dakika atazitoa wapi? Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini kwenda Dakota Wizards na dunia nzima ikaandika kwamba hakuna mtu aliyechaguliwa juu vile aliyewahi kushushwa huko. Picha waliichora wenyewe, ilipogoma kufanana na mtu wakamlaumu mtu.

Sasa twende Houston, maana watu wengi hawaiunganishi hii.

Februari 2011 Memphis wakamtupa Thabeet kwa Houston Rockets. Desemba mwaka huo huo Rockets wakamwokota kijana mmoja aliyeachwa na Golden State Warriors, jina lake Jeremy Lin, wakakaa naye kama wiki mbili hivi halafu mkesha wa Krismasi wakamwambia asante kwaheri. Kwa hiyo kuna siku kadhaa pale Houston walikuwepo wote wawili kwenye timu moja, mmoja amepandishwa bei kwa sababu ya sura na umbo, mwingine ameshushwa bei kwa sababu ya sura. Mimi nikiifikiria hiyo huwa nacheka mwenyewe kama chizi.

Lin ni Mmarekani, kazaliwa California, wazazi wametoka Taiwan. Akiwa sekondari aliiongoza shule yake Palo Alto kuchukua ubingwa wa jimbo mwaka 2006 na bado hakuna chuo kikubwa cha mpira kilichompa skolashipu, akaenda Harvard kusoma uchumi, 2010 drafti ikapita hajaitwa. Alipoachwa na Houston wakamchukua New York Knicks kuziba pengo. Tarehe 4 Februari 2012 kocha hana mtu, akamwingiza dhidi ya Nets, dogo akatupia 25. Siku chache baadaye Lakers ya Kobe Bryant akaipiga 38. Knicks wakashinda mechi saba mfululizo. Dunia ikawaka.

Halafu Daryl Morey, yule bosi wa Rockets aliyemwacha, baadaye akaja kukiri kitu ambacho mabosi huwa hawakiri, kwamba vipimo vyao wenyewe vilionyesha Lin ana hatua ya kwanza ya kasi sana, ila kila mtu akiwemo yeye aliona kijana hana mwili wa mpira, na akijiuliza kwa nini hapati sababu nyingine zaidi ya kwamba ni Muasia. Yaani mashine inasema ana kasi, macho yanasema hapana, wakayaamini macho. Na kilichofuata ni nini, Julai 2012 Houston hao hao wakamrudisha kwa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 25.

Na hata alipokuwa anang'ara hawakumwacha. Knicks walipokuja kufungwa, ESPN, chombo cha habari za michezo cha Marekani, wakaweka kichwa cha habari chenye neno ambalo ni tusi la Wachina, aliyekiandika akafukuzwa kazi. Mchezaji amepoteza mpira kama wanavyopoteza wote, ila yeye kosa lake linaandikwa kwa kabila.

Ila na sisi tusijifanye watakatifu. Mbeya hii kila mwenye macho membamba ni Mchina, awe Mkorea, Mjapani, hata awe mzaliwa wa Marekani. Tuna Mchina wetu kichwani tangu TAZARA, yule wa kujenga reli, akaja wa barabara, akaja wa duka la jumla, na watoto wakimwona mmoja anapita pale Kabwe wanamrukia na mateke ya kareti. Kipindi kile cha Lin mzee mmoja hapa mtaani, mtu wa heshima zake tu, alikuwa anaangalia marudio akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "kwani na hawa wanacheza?" Morey na huyo mzee wana tofauti gani zaidi ya mshahara.

Anayenifurahisha kwenye mambo haya ni Joel Embiid. Huyu ni Mkameruni wa Yaoundé, baba yake kanali wa jeshi, kakulia mjini. Alipofika chuo Kansas akawaambia wenzake kwamba alivyokuwa mtoto aliua simba. Wakaamini! Mwenyewe amesimulia baadaye kwamba aliona watu hawajui chochote kuhusu Afrika basi akawapa walichokuwa wanakitaka. Mimi nimezaliwa Iringa, mkoa wa kwenda Ruaha, watalii wanatoka ulaya kuja kuangalia simba kwetu, na simba niliowaona mimi ni wa kwenye kalenda na wa kwenye jezi ya Msimbazi. Ila nikitua Kansas kesho nina uhakika nitaulizwa, na nikiwa mrefu nitaulizwa mara mbili.

Hata Mutombo mwenyewe, huyo wa kufananishwa nae kila mtu, alienda Georgetown kwa skolashipu akitaka kuwa daktari, mtu wa lugha kibao, na baadaye kajenga hospitali Kinshasa. Amefariki 2024 na klipu zilizozagaa zaidi siku ile zilikuwa za kidole.

Haya, kuna upande wa pili na huu ndio unaogombanisha watu sana, wa Nikola Jokić. Kachaguliwa wa 41 mwaka 2014, jina lake linapita kwenye skrini TV inarusha tangazo la chakula, Mserbia bonge bonge asiyeruka. Na yeye walimkadiria chini kwa kumwangalia tu, hilo nakubali, sio weusi peke yao wanaopimwa kwa macho. Lakini angalia alipokuja kuwa mkali, sifa zote zikaenda kwenye akili, anaona mbele, profesa, mcheza chesi. Sawa, ni kweli anaona mbele. Ila LeBron James mwaka 2018 baada ya kupigwa na Boston mechi ya kwanza, mwandishi akamuuliza nini kilitokea mwanzoni mwa robo ya nne, LeBron akasimulia mpira mmoja baada ya mwingine, nani alitupa, nani alikosa, nani aliokota, kama anasoma kwenye karatasi. Bado ukimtaja kijiweni la kwanza ni mwili, "lile sio binadamu lile." Mtu ana akili kama ile mnamsifia mapaja.

Mwaka 2023 Kendrick Perkins, mchezaji wa zamani, akaenda nalo kwenye TV kwamba kura za MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, zinaangalia rangi, JJ Redick naye mchezaji wa zamani akamvaa hapo hapo studio, kelele wiki nzima. Mwishowe MVP akachukua Embiid na Jokić akachukua ubingwa, kila mtu akarudi kwake. Maoni yangu, Perkins alikuwa na swali zuri akalibebea mfano mbovu, maana Jokić ndio mtu ambaye namba zake hazina ubishi. Angeuliza tu kwa nini tunawasifu hawa kwa kichwa na wale kwa miguu angetupata wote.

Afu kuna ya kishua. Mtu mweusi akiwa staa wa kikapu watu wanataka stori ya ghetto, mama peke yake, risasi mtaani, kama LeBron wa Akron. Kobe baba yake alikuwa mchezaji, utoto kakulia Italia, anaongea Kiitaliano, na wapo weusi wenzake waliomwona sio mwenzao. Curry naye mtoto wa Dell Curry wa NBA, mtoto wa mboga saba, alionekana mwembamba, laini, vyuo vikubwa vikampita. Giannis Antetokounmpo ndio kinyume chake, kazaliwa Athens kwa wazazi wa Nigeria, anauza saa na miwani barabarani na ndugu zake, Ugiriki haikumpa uraia mpaka 2013 NBA ilipokuwa inamwita, na bado kiongozi wa chama cha wabaguzi kule akamwita sokwe hadharani. Leo ana ubingwa wa 2021 na pointi 50 kwenye mechi ya mwisho, na huko kwao ni Mgiriki safi kabisa.

Mimi ni Mhehe ninayeishi kwa Wanyakyusa, kwa hiyo hii habari naijua bila NBA. Nikikasirika hakuna anayeuliza nimekasirishwa na nini, ndio Wahehe hao, mfiche mbwa, mfiche kamba, wanacheka, na mimi nacheka kwa sababu usipocheka ndio umethibitisha.

Na kwenye kikapu chetu hiki hiki cha mtaani nimeiona. Kuna dogo kutoka Makete, mrefu kuliko mlango, mkono laini, anadribo vizuri na anapenda kuleta mpira mbele. Kocha tangu siku ya kwanza kamwambia simama chini ya ringi nyoosha mikono, we mrefu unadribo ili iweje. Msimu mzima kasimama pale, anasukumwa na mijitu ya miraba minne, ribaundi zinampita, na watu pembeni wanasema Mkinga huyu angekaa tu dukani. Nilimwambia kocha mjaribu gadi hata mechi za kirafiki, akanijibu kaka kikapu hukijui. Najua ananisoma hapa. Sawa kocha, ila mwaka huu umeletewa mwingine mrefu kutoka Tukuyu, nimemwona Jumamosi anatupia kutoka mbali, naomba huyu kabla hujampanga mwache kwanza acheze tumwone.