Dawa Tatu za Mwanangu

Mwanangu alipokuwa mchanga, kidonda cha chanjo ya BCG kilikataa kupona, na tezi za kwapa la upande uleule zikavimba hadi zikatoa usaha. Kabla hajatimiza miaka miwili alipata jipu la ini, ndipo daktari akaagiza kipimo ambacho sikuwahi kukisikia: damu hutiwa kemikali, seli nyeupe zikaamshwa, na zilizo nzima hung'aa kijani. Za mwanangu hazikung'aa. Zangu zilijigawa makundi mawili, nyingine zikiwaka na nyingine zimezima, na hapo nikajua kwamba ana ugonjwa sugu wa granuloma, upungufu wa kinga ya mwili, na kwamba ameurithi kwangu: seli zake humeza vijidudu lakini hushindwa kuviua.

Tiba yake ni kotrimoksazoli kwa ajili ya bakteria, itrakonazoli kwa ajili ya fangasi, na sindano ya intaferoni gama, protini ya kuamsha kinga, mara tatu kwa wiki. Nikitaja upungufu wa kinga na kotrimoksazoli kwa pamoja, watu huinamisha macho wakidhani ni UKIMWI, nimechoka kueleza.

Vidonge havikunisumbua, mradi kapsuli za itrakonazoli azimeze mara baada ya kula, kwa kuwa tumbo likiwa tupu hazifyonzwi vizuri. Lililonitesa ni sindano. Mwanzoni nilimchoma asubuhi, naye akashinda na homa, baridi na maumivu ya kichwa, hata akawa anakimbia kila asikiapo mlango wa jokofu ukifunguliwa. Muuguzi akanishauri nihamie usiku: nampa parasetamoli, naitoa chupa mapema ipungue ubaridi, bila kuitikisa, kisha namchoma pajani, leo kulia, keshokutwa kushoto. Homa, ikija, humkuta amelala.

Dawa hizi hazikuniondolea kazi ya kulinda. Alipokuwa na miaka mitano nilimwacha achezee rundo la majani yaliyooza, na siku chache baadaye alikuwa akihema kwa shida, mapafu yamejaa fangasi. Alilazwa, itrakonazoli ikabadilishwa kwa vorikonazoli, akaongezewa steroidi za kutuliza uvimbe. Nilikuwa nimeonywa kuhusu majani hayo, nilijisahau.

Sasa ana miaka saba, na kwa kuwa dawa huzuia maambukizi bila kuuponya ugonjwa wenyewe, dada yake ametolewa damu ili ijulikane kama uboho wake utafaa kupandikizwa kwa mwanangu. Tunasubiri majibu, na leo ni zamu ya paja la kushoto.