Msambu ulivyotukutanisha Usambara Mashariki

Nilipopewa kazi ya kuratibu ushirikiano wa wanavijiji, watafiti, maofisa misitu na mnunuzi wa mbegu za mti wa msambu, pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani wilayani Muheza, nilidhani shida kubwa ingekuwa fedha. Kumbe shida ilikuwa kalenda. Mnunuzi alihesabu kwa msimu, mtafiti kwa muda wa mradi wake, ofisa misitu kwa mwaka wa bajeti, na mkulima kwa miaka ambayo mti huchukua hadi kuzaa.

Msambu, ambao wengine huuita mkanyi, huzaa matunda makubwa yenye uzito wa kilo kadhaa, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda yenyewe katika joto la kawaida. Hiyo ndiyo sababu viwanda vya siagi ya mimea vilianza kuyatafuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa wenyeji walikuwa wakiyakamua kwa kupikia tangu zamani. Kwa upande wa hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1997, hesabu ilikuwa rahisi: mkulima anayeuza mbegu ana sababu ya kuuacha msambu usimame katikati ya iliki zake badala ya kuupasua mbao.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kabla ya kuwauliza watafiti, niliahidi mkutanoni kwamba tungegawa miche iliyooteshwa kwa mbegu. Sikujua kwamba mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka, bila kuota, wala kwamba kuna miti dume na miti jike ambayo huwezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, unataka nipande, ningoje miaka kumi, ndipo nigundue kwamba nilikuwa nalea dume?" Nilimjibu, "Mzee wangu, hapo umenishika," kisha nikaketi.

Swali lake ndilo lililobadilisha kazi yetu. Badala ya kuwapeleka wakulima ofisini kwa watafiti, niliwaleta watafiti mashambani, na wazee wakawaonyesha jike moja baada ya jingine, wakieleza lipi huzaa kila mwaka na lipi hupumzika. Watafiti walijua kubebesha, yaani kuunga kikonyo, kijitawi kilichokatwa kwenye jike linalojulikana, juu ya mche mwingine, na wazee waliijua miti. Hakuna upande ambao ungeweza kufanya kazi ile peke yake. Vikonyo vya kwanza vilikauka karibu vyote kwa sababu tulivisafirisha kwa pikipiki juani. Tulipoanza kuvikata alfajiri na kuvifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, vilianza kushika.

Makubaliano ya maandishi yalitusumbua zaidi kuliko kisu cha kubebeshea. Tulikubaliana kwamba yaokotwe matunda yaliyoanguka tu, na mengine yaachwe kwa ajili ya panya buku na miche ya msituni. Kwamba mnunuzi ataje bei kabla ya matunda kuanza kuanguka. Na kwamba mizani ijaribiwe mbele ya watu wote. Kipengele kilicholeta ubishi mkali kilikuwa cha watafiti kusoma matokeo yao kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji. Mtafiti mmoja alitaka kwanza achapishe makala yake, nami nilimwelewa, lakini wenyeji wa mashamba hawakuelewa kwa nini habari za miti yao zipite nchi za mbali kabla ya kuwafikia. Mwishowe alikubali kusoma takwimu za mashamba ya kijiji kile bila kusubiri uchapishaji.

Msimu mmoja bei ilishuka. Kwa kuwa ilikuwa imetajwa mapema, watu wengi waliamua kuelekeza nguvu kwenye iliki, na mnunuzi akapata mbegu chache kuliko alivyotarajia. Sikulihesabu hilo kuwa kushindwa: hakuna aliyedanganywa, na mwaka uliofuata pande zote zilirudi mezani.

Yule mzee alichukua miche miwili ya jike iliyobebeshwa, akaipanda nyuma ya nyumba yake. Wiki iliyofuata alirudi kitaluni kuomba dume mmoja, akisema kwamba wanawake wawili bila mume hawatamzalia kitu.