Mcheri-mwitu na harufu ya muiri

Jumamosi nilipanda msituni juu ya mji wa High Wycombe, maana Aprili haingoji mtu. Mcheri-mwitu, mti wa cheri unaojiotea msituni, huchanua wiki moja hivi. Upepo ukija siku ya tatu, basi, hadi mwakani.

Hapa Uingereza watu wanapenda sana micheri ya maua ya rangi ya waridi iliyopandwa barabarani. Mbele ya nyumba yangu upo mmoja, na usawa wa kifua shina lina kovu nene: juu gome la namna moja, chini la namna nyingine. Umepandikizwa, na shina la chini linaloubeba ni la mcheri-mwitu. Maua yake yamejaa petali tele, lakini nyuki hawapati chochote cha maana humo.

Wa msituni ua lake ni jeupe, petali tano tu, yananing'inia mawili hadi sita kwenye vikonyo virefu. Huchanua miti jirani ikiwa bado mitupu, kwa hiyo ukiwa bondeni unaona kama shuka zimeanikwa mlimani. Gome ni jekundu la kahawia, linang'aa, lina mistari mifupi iliyolala, na hubanduka kwa kuzunguka shina. Matunda huiva Julai, madogo na machungu, na ndege huyamaliza.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kikonyo cha jani. Karibu na jani pana vinundu viwili vyekundu, kama vichwa vya pini. Hutoa utomvu mtamu. Sisimizi wanaufuata, na wakiwa pale huwafukuza viwavi.

Mara ya kwanza nilipolifikicha jani hilo nilisimama kimya. Harufu ya lozi chungu! Ndiyo harufu ya muiri, mti uliokuwa mpakani mwa shamba la babu yangu Nyeri. Kumbe ni ndugu, ukoo mmoja wa *Prunus*. Muiri haupukutishi majani, na maua yake ni madogo hata hayaonekani, lakini gome lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wa babu ulichunwa gome pande zote usiku mmoja. Ulikauka umesimama.

Mcheri-mwitu huu ninaoutembelea nao umezeeka, kilele kimekufa. Lakini mizizi yake imetoa machipukizi. Jumamosi nimehesabu kumi na moja, na moja limeshanipita urefu.